MASHINDANO YA KUVUA SAMAKI: NI NANI ANAYEVULIWA?

Mwandishi wa makala haya alikuwa Mbamba Bay, ameketi barazani na wazee baada ya swala ya alasiri, pale kijana mmoja mvuvi alipomsogelea na kumwonesha picha katika simu yake. Ilikuwa picha ya Mmarekani aliyenyanyua kikombe juu ya kichwa chake, huku umati ukimshangilia. "Ustadhi," alisema kijana, "huyu ni mvuvi kama sisi. Kwa siku tatu tu amepata dola laki tatu." Kisha akaeleza kwamba yuko mgeni aliyepita mwaloni akiwaahidi vijana kuwa mashindano ya namna hiyo yataletwa Ziwa Nyasa. Kila atakaye kushindana atatoa kiingilio, na mwenye samaki mzito kuliko wote ataondoka na fedha. Kijana yule alikuwa amekwisha kutenga fedha za kiingilio, na fedha zenyewe alikuwa amezidunduliza kwa ajili ya kununua wavu.

Hatukumwambia kuwa picha ile ni ya uongo, kwa sababu si ya uongo. Mshindi wa shindano kubwa la Marekani liitwalo Bassmaster Classic hupewa dola 300,000, nalo huchukua siku tatu. Tatizo ni kwamba picha inaonesha mtu mmoja, wala haioneshi wale waliomlipa.

Hebu tuanzie mwanzo wake. Mwezi Juni 1967, katika ziwa liitwalo Beaver Lake, jimbo la Arkansas, wakala mmoja wa bima aliyeitwa Ray Scott aliwakusanya watu 106 washindane kuvua kwa ndoana. Kila mmoja alitoa dola 100. Piga hesabu mwenyewe: ni dola 10,600 zilizokusanywa kabla ya samaki mmoja kupanda chomboni. Mshindi alipewa dola 2,000 na safari ya mapumziko. Wengi wa waliobaki walirudi makwao na hadithi. Msomaji aangalie pia kwamba aliyebuni jambo hili hakuwa mtu anayekula kwa jasho la uvuvi. Alikuwa mtu wa bima, na mtu wa bima anajua vizuri kuliko mvuvi yeyote namna fedha kidogo za wengi zinavyogeuka kuwa fedha nyingi za wachache.

Tangu hapo mambo yamekua. Leo katika daraja la juu la mashindano hayo huingia washindani wapatao 100, na kwa miaka mingi ada ya msimu mmoja imekuwa karibu dola 40,000 kwa kila mtu. Hiyo ni ada tupu. Haijahesabiwa mashua yenye injini ya nguvu za farasi 250, wala mitambo ya kuonesha samaki chini ya maji, wala gari la kuivuta mashua hiyo maelfu ya kilomita, mafuta, malazi, na miezi ambayo mtu hayupo kwake. Mvuvi wa namna hiyo hulipaje yote hayo? Kwa samaki halipi, kwa kuwa samaki wenyewe hupimwa na kurudishwa majini. Hulipa kwa wadhamini, yaani makampuni ya mashua, ya injini na ya ndoana, ambayo humvika fulana iliyojaa majina yao ili watazamaji wakanunue bidhaa. Kwa hiyo yule kijana aliposema "huyu ni mvuvi kama sisi" alikosea. Yule ni mchuuzi wa vifaa, na samaki ni tangazo lake. Asipopata mdhamini, hula akiba yake au mshahara wa mkewe mpaka ziishe.

Sasa tujiulize: ni kampuni gani itakayomvika fulana kijana wa Liuli au Lituhi? Nani anauza mashua za dola laki moja katika mwambao huu, ambako wengi bado wanavua kwa mitumbwi ya kuchonga na kuvutia dagaa kwa taa usiku? Mdhamini hafuati samaki, hufuata mnunuzi. Ukiondoa mdhamini katika hesabu ya Marekani, kinachobaki ni kiingilio peke yake, maana yake ni fedha za washindani wenyewe zinazozungushwa.

Tuzizungushe basi, kwa mfano wa hapa kwetu. Chukua vijana 50, kila mmoja ametoa shilingi 100,000. Zimepatikana milioni 5. Mwandaaji anatwaa milioni 1 kwa kazi yake, wa kwanza anapewa milioni 2 na nusu, wa pili milioni 1, wa tatu laki 5. Vijana 47 hawana kitu. Kijana akisema atashindana kila mwezi, na kila mara atumie shilingi 60,000 za kukodi chombo, petroli na chakula, basi kwa mwaka atatoa shilingi 1,920,000. Zawadi zote za siku moja, ukizigawa kwa washindani 50, ni shilingi 80,000 kwa kichwa, nayo kwa miezi 12 ni shilingi 960,000. Kwa wastani, basi, kila shilingi mbili anazotoa inamrudia moja. Na huo ni wastani. Mtu halisi hapati wastani, ama ni wale watatu ama ni wale 47.

Atasimama mtu aseme: "Lakini hii si bahati nasibu, ni ustadi." Hatukatai kwamba upo ustadi. Mvuvi aliyezaliwa Puulu anajua mwamba upi una samaki na upepo upi wa kuogopa. Lakini ustadi una mipaka majini, na mfano wake umeonekana mwezi Juni 2023 huko North Carolina, katika shindano la kuvua nduwaro liitwalo Big Rock. Chombo kimoja kilipambana na samaki kwa saa nyingi, kikamleta mizanini, akapatikana na uzito wa pauni 619.4, yaani karibu kilo 281. Alikuwa mzito kuliko wote. Zawadi iliyokuwa ikiwasubiri ilikuwa kiasi cha dola milioni 3 na nusu. Wakaambiwa samaki wao hahesabiwi, kwa sababu papa alikuwa amemng'ata kabla hajatolewa majini. Papa ndiye aliyeamua. Mtu anayetaka kuita hiyo kazi ya kutegemea kulisha watoto, na atuoneshe mwajiri mwingine ambaye mshahara wake hukatwa na papa.

Tena katika mashindano hayo makubwa ya baharini kuna jambo ambalo vijana hawaambiwi. Kiingilio cha kawaida ni mlango tu. Ndani yake mna mafungu mbalimbali, na mshindani huchagua kuweka fedha za ziada katika fungu hili au lile. Akishinda bila ya kuweka katika fungu fulani, fungu hilo humpita na kwenda kwa mwingine. Ndiyo maana zawadi hufika mamilioni. Hapo hata ile pazia ya ustadi imechanika. Huu ni mchezo ule ule wa mikeka ya mpira ambao umekwisha kunyang'anya kipato cha vijana wetu, isipokuwa huu umelowa maji.

Ama kwa upande wa sharia, jambo hili halihitaji maneno mengi. Qur'ani katika Suratul Maida imeitaja kamari pamoja na ulevi, ikaamrisha tuviepuke. Katika sura hiyo hiyo imehalalisha mawindo ya bahari. Uvuvi ni halali, na kushindana kwa ustadi wenye manufaa si haramu, kwani Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindanisha farasi. Wanavyuoni hawakuhangaika na mashindano yenyewe. Waliuliza zawadi inatoka mfukoni mwa nani. Mtu wa nje akitoa mali yake kumpa atakayeshinda, hakuna mshindani anayepoteza. Lakini kila mshindani akiweka chake ili mmoja achukue vya wote, hiyo ndiyo kamari, hata kama katikati yake pamewekwa samaki badala ya karata. Wapo wanaosema neno hili ni kali. Sisi tunasema aliyeliona kali na arudie ile hesabu ya shilingi 80,000, aone kama dini na hesabu zinagombana.

Tena fedha zikishawekwa mizanini, mizani huharibika. Tarehe 30 Septemba 2022, mjini Cleveland kando ya Ziwa Erie, wavuvi wawili walileta samaki wao kupimwa, na zawadi ilikuwa karibu dola 29,000. Msimamizi alitilia shaka uzito wao, akawapasua samaki mbele ya watu. Ndani mlikutwa chubwi za risasi, na minofu ya samaki wengine iliyoshindiliwa. Walikiri kosa mahakamani mwaka 2023, wakafungwa siku 10, na mashua yao ikachukuliwa. Na hawa hawakuwa na njaa, walikuwa na mashua ya dola 100,000. Mwaka 2016 katika shindano jingine huko Maryland, aliyetangulia alinyimwa zawadi ya dola milioni 2.8 baada ya kushindwa kipimo cha kugundua uongo, na mwaka 2017 mahakama ikawaunga mkono waandaaji. Msomaji anaijua sura iliyowashukia wapunjao vipimo. Itakuwaje kwetu, ambako kijana amekopa kiingilio chake kwa tajiri wa dagaa na anadaiwa kabla hajatia mshipi majini?

Huenda mtu akatuuliza: Je, pwani ya Kenya? Huko Malindi na Watamu uvuvi wa ndoana wa wageni ni wa siku nyingi. Ernest Hemingway mwenyewe alivua Malindi mwaka 1934. Ni kweli, na kuna watu wa pwani wanaokula kwa kazi hiyo. Lakini wanakula kama nani? Wanakula kama manahodha na mabaharia wa chombo, kwa mshahara na bakshishi. Wao ndio wanaojua samaki alipo na ndio wanaotia chambo, lakini rekodi huandikwa kwa jina la aliyeshika ufito. Hao hawalipi kiingilio, wanalipwa. Mgeni wetu angekuja Mbamba Bay kutafuta mabaharia wa kuwalipa mshahara, tungemkaribisha kwa chai. Amekuja kutafuta wa kumlipa.

Kuna na suala la samaki wenyewe, ambalo limetutia wasiwasi kuliko yote. Samaki mzito anayesakwa katika mwambao huu ni mbasa. Mbasa hukaa ziwani, na mvua zinaponyesha hupanda mito kwenda kutaga, na Ruhuhu, mto unaoingia ziwani karibu na Lituhi, ni mmoja wa mito hiyo. Basi weka zawadi ya milioni 2 na nusu kwa mbasa mzito kuliko wote, halafu ujiulize vijana 50 watatega wapi. Watatega mlangoni mwa mto, katika msimu ambao samaki mkubwa ana mayai tumboni, kwa kuwa mayai nayo yana uzito. Kusema watamrudisha majini akiwa hai, kama wafanyavyo Wamarekani, ni kuwasahau watu walioko nyumbani wakisubiri kitoweo. Na likiletwa katika miezi ya kusi, kati ya Mei na Agosti, ziwa hili linajulikana. Wenye mitumbwi hutulia nchi kavu pepo hizo zinapovuma. Mtu aliyekwisha kulipa kiingilio hatatulia.

Watu wa wilaya ya Mbinga, na wa Nyasa iliyozaliwa kutokana nayo mwaka 2012, si wageni wa ahadi. Wakulima wa kahawa wa Umatengo walikiona chama chao kikuu cha ushirika kikianguka katika miaka ya 1990. Baadaye ikaja DECI, watu nchini wakaitwa "kupanda mbegu", na waliotangulia wakavunishwa mbegu za waliofuata, hadi serikali ilipoisimamisha mwaka 2009. Kila mara aliyeonywa alijibu kwamba jirani yake amekwisha kulipwa. Ni kweli jirani alilipwa, kwa fedha za mwonywaji.

Hatusemi vijana wasishindane. Resi za ngalawa zimewafurahisha watu wa pwani miaka na miaka, na hakuna aliyeuza wavu kwa ajili yake. Mgeni huyo, au mfanyabiashara yeyote wa Mbinga au Songea, akitaka kuwafurahisha wavuvi, atoe zawadi kutoka mali yake: nyavu zenye matundu ya halali, majaketi ya kuokolea maisha, injini moja. Kiingilio kisiwepo. Uzito wa mbasa usiwe kipimo, na mlango wa Ruhuhu usiguswe wakati wa mvua. Lakini akisisitiza kiingilio, basi viongozi wa mialo wamtake abandike mbele ya watu, kabla ya kupokea shilingi ya kwanza, hesabu ya kitakachokusanywa, kitakachotolewa, na kitakachobaki mfukoni mwake. Tunataraji hatarudi.

Yule kijana tulimwuliza wavu aliokuwa akiudundulizia ungemdumu muda gani. Akafikiri, akasema, ukishonwa vizuri, misimu kadhaa. Tukamwuliza kiingilio kitadumu muda gani. Akaitazama ile simu, akaizima, akauliza kama gari la Mbinga la asubuhi huondoka saa kumi na mbili, maana wavu aliokuwa akiutaka hupatikana mjini.