Jino Huoza Kabla ya Kuuma

Ndugu wasomaji, mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya maradhi ambayo nyumba nyingi huyasahau mpaka usiku wa manane, mtoto aamkapo akilia hali ameshika shavu.

Katika chuo chetu cha Qur'ani hapa Buzuruga, Mwanza, alikuwako mwanafunzi wa miaka 9 aliyekuwa hodari wa kuhifadhi. Mara akaanza kuiharibu herufi ya dhadi kila afikapo mwisho wa Alhamdu. Wajuao tajwidi wafahamu kuwa dhadi hutoka pale ubavu wa ulimi ugusapo magego ya juu. Tulimkaripia siku tatu, tukimdhania mvivu. Siku ya nne tulimwambia afungue kinywa. Tukaona gego la juu limetoboka, na ufizi umevimba. Kumbe alikuwa akiuepusha ulimi na jino bovu. Twamwomba Mola atusamehe haraka yetu.

Baba yake alipoitwa alisema, "Maalim, hilo ni jino la utoto, litang'oka, litaota jingine." Hilo ndilo kosa la wazazi wengi. Magego ya kwanza ya ukubwani huota mtoto afikapo yapata miaka 6, nyuma ya meno ya utoto, pasina jino lolote kung'oka kwanza. Gego hilo likitoka, halioti jingine. Mganga wa meno alilitazama, akaona limekwisha haribika mno, akaling'oa.

Jino huozaje? Wazee wetu walisema limeliwa na mdudu, na mataifa ya kale nayo yaliamini hivyo. Mwaka 1728 Pierre Fauchard, mganga wa meno wa Ufaransa, alikana kuwako kwa mdudu huyo. Mwaka 1890 W. D. Miller, Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, alieleza ya kwamba vijidudu visivyoonekana kwa macho hula masalio ya sukari na wanga yaliyoganda menoni, vikatoa asidi. Na asidi hiyo ndiyo iyeyushayo gamba gumu la jino.

Kila mtoto alambapo peremende au anywapo funda la soda, asidi hudumu kadiri ya nusu saa, kisha mate huituliza. Mwenye kunywa soda mara moja pamoja na chakula, meno yake hupata kupumzika. Lakini mwenye kuionja kidogo kidogo tangu asubuhi hata adhuhuri, meno yake hayapumziki kabisa. Chai tamu ya kulalia ina madhara zaidi, kwani mtu alalapo mate hupungua.

Maradhi haya yana dalili zake. Kwanza hutokea doa jeupe lisilong'aa. Hapo jino halijauma bado, na laweza kupona kwa kupunguza sukari na kutumia dawa ya meno yenye floridi. Baadaye hutoboka, na mtoto hushtuka anywapo kitu cha baridi au kitamu. Hapo mganga aweza kuliziba. Mwisho jino huuma lenyewe usiku. Karafuu hutuliza maumivu, wala haizibi tundu. Uso ukivimba pamoja na homa, au mtoto akishindwa kumeza, apelekwe hospitali siku ile ile. Tena, si kila jino la kahawia limeoza: wengi waliokulia Arusha na Kilimanjaro wana meno ya rangi hiyo kwa sababu ya floridi nyingi katika maji waliyokunywa utotoni.

Na kinga yake? Mtume wetu (S.A.W.) aliuhimiza mno mswaki, hata akabainisha kwamba lau si kuchelea kuutaabisha umma wake angeliwaamrisha kuutumia katika kila sala. Nasi twaununua mti wa mswaki mlangoni mwa msikiti, tukasugua meno ya mbele yaonekanayo na watu, tukayaacha magego! Tuufikishe mswaki nyuma. Tena asubuhi na kabla ya kulala tutumie dawa ya meno yenye floridi: kwa mtoto wa chini ya miaka 3 kadiri ya punje ya mchele, na wa miaka 3 hata 6 kadiri ya punje ya njegere. Mzazi amsugulie mwenyewe mpaka afike yapata miaka 7.

Usiku wa leo, baada ya sala ya Isha, mwiteni mtoto karibu na taa afungue kinywa. Hesabuni meno kutoka katikati kwenda nyuma: kwa mtoto aliyetimiza miaka 7, la sita kwa kawaida ndilo gego lake la maisha. Litazameni lingali zima. Mwili ni amana, na mtoto ni amana juu ya amana.

Wabillahi tawfiq.