Dhoruba za Ziwa Victoria: Tahadhari ya mchana kwa kazi ya usiku mkoani Mara

Mkoani Mara, dhoruba haipewi jina. Vimbunga vya Bahari ya Hindi husajiliwa, hupewa majina na kufuatiliwa kwa siku kadhaa kabla ya kufika nchi kavu. Kimbunga Hidaya kilipokaribia Kisiwa cha Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitoa taarifa mfululizo, na usafiri wa boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar ulisitishwa kwa muda. Dhoruba ya Ziwa Victoria haitoi nafasi ya namna hiyo. Huweza kuanza kujijenga jua linapotua, ikafikia ukali wake usiku wa manane na kutoweka kabla ya mchana, wakati ambapo wavuvi wengi wa dagaa wako majini.

Kwa wananchi wa Musoma, Bunda na Butiama, kwa hiyo, thamani ya taarifa ya hali ya hewa hupimwa kwa saa inayofika mwaloni. Ikifika alasiri, huokoa maisha. Ikifika baada ya mitumbwi kuondoka, hubaki kuwa kumbukumbu tu.

Mzunguko wa saa 24

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na zaidi kidogo ya nusu ya eneo hilo iko Tanzania. Ukubwa huo unalifanya ziwa litengeneze hali yake ya hewa. Mchana, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya juu ya nchi hupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara. Upepo huo unapokutana na ule unaotoka mashariki, mawingu mazito hujengeka juu ya nyanda za Butiama, Serengeti na Tarime, na hata ng'ambo ya mpaka katika milima ya Kenya. Hizo ndizo mvua za alasiri zinazoambatana na radi, upepo wa kuezua mapaa na, mara nyingine, mvua ya mawe.

Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto, na upepo huanza kuvuma kutoka pande zote za nchi kavu kuelekea ziwani. Hewa hiyo inapokutana katikati ya ziwa hulazimika kupanda, na mawingu ya radi hujengeka juu ya maji. Upepo wa mashariki huyasukuma mengi ya mawingu hayo kuelekea magharibi. Hii ni sababu mojawapo ya Bukoba kuwa na mvua nyingi kila mwaka, ilhali Musoma, iliyo ukingo wa mashariki wa ziwa hilohilo, hupata chini ya nusu ya kiasi hicho.

Hapo ndipo ulipo mtego kwa mkazi wa Mara. Anaishi katika ukanda mkavu kiasi, wa mtama, mihogo na pamba, ambako kilio cha kawaida ni uhaba wa mvua. Akisimama ufukweni Musoma jioni anaweza kuona anga tulivu na maji yaliyolala. Dhoruba itakayomkuta usiku iko mbele yake, ziwani, na bado haijazaliwa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la kisayansi la Nature Communications ulionesha kuwa dhoruba za alasiri juu ya nchi kavu zina uhusiano na ukali wa dhoruba za usiku ziwani. Kwa lugha ya wananchi, ngurumo za alasiri katika nyanda za Butiama na wilaya jirani ni taarifa ya awali kwa aliye Musoma au Bunda anayejiandaa kuingia majini. Utafiti huo ulionya pia kwamba, iwapo gesi zinazoongeza joto la dunia zitaendelea kuzalishwa kwa kiwango kikubwa, dhoruba kali sana ambayo sasa hutokea mara moja katika miaka 15 huenda ikatokea karibu kila mwaka ifikapo mwisho wa karne hii.

Hatari haifuati masika pekee

Wananchi wengi huihusisha dhoruba na misimu ya mvua, yaani vuli, kati ya Oktoba na Desemba, na masika, kati ya Machi na Mei. Hata vimbunga vya mbali huweza kugusa kanda hii: kimbunga kinapokuwa karibu na Madagascar au Msumbiji, huweza kubadili mwelekeo wa upepo na kuvuta hewa yenye unyevu kutoka misitu ya Congo hadi Kanda ya Ziwa.

Hata hivyo, kipindi cha kipupwe, Juni hadi Agosti, nacho kina hatari yake. Mvua hupungua, lakini upepo wa kusi huimarika na mawimbi hukua bila wingu kuonekana. Mwishoni mwa Julai 2023, mitumbwi miwili iliyobeba waumini waliokuwa wakirejea kutoka ibadani ilizama katika Wilaya ya Bunda, na zaidi ya watu kumi walipoteza maisha, wakiwemo watoto. Waliopotea hawakuwa wavuvi wa usiku. Walikuwa wananchi katika safari fupi ya kawaida, ya aina ambayo wakazi wa Mwibara, Majita na visiwani huifanya kila wiki kwenda ibadani, sokoni, kliniki au msibani.

Mkasa huo unakumbusha kwamba taarifa ya hali ya hewa ya ziwani haimhusu mvuvi peke yake. Inamhusu mama anayepeleka bidhaa mnadani, mwanafunzi anayevuka ghuba na kiongozi wa dini anayepanga ibadani ya pamoja.

Taarifa imeboreshwa

Uwezo wa kuitabiri dhoruba ya ziwani umeongezeka. Rada ya hali ya hewa iliyopo Mwanza huyaona mawingu ya mvua yanapojengeka juu ya ziwa. Kati ya mwaka 2017 na 2021, nchi za Afrika Mashariki zilishirikiana na Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) katika mradi wa HIGHWAY, uliofadhiliwa na Uingereza, ambao lengo lake lilikuwa kuboresha tahadhari za mapema kwa watumiaji wa ziwa. Mradi huo ulizaliwa kutokana na makadirio yaliyokuwa yakitajwa kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hupoteza maisha katika Ziwa Victoria kila mwaka.

Kisheria pia hatua zimechukuliwa. TMA inafanya kazi chini ya sheria yake ya mwaka 2019, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya Taifa hadi kijiji na mtaa. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) linasimamia usalama wa vyombo vya majini.

Kwa mwananchi, lugha ya tahadhari imerahisishwa kwa rangi tatu. Njano ni angalizo: hali inaweza kuleta athari, hivyo fuatilia taarifa. Rangi ya chungwa ni tahadhari: jiandae kuchukua hatua. Nyekundu ni tahadhari kubwa: chukua hatua mara moja. Tahadhari inapotaja upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, msomaji akumbuke kuwa wimbi la mita 2 ni refu kuliko mtu mzima wa kimo cha kawaida, na kwamba ukingo wa mtumbwi uliopakiwa hukaa karibu sana na maji.

Uamuzi hufanyika mwaloni

Pamoja na maboresho hayo, hatua iliyo ngumu zaidi bado ni ile ya mwisho. Dagaa huvuliwa kwa taa, katika usiku wa giza la mwezi. Usiku wa kazi ni wa kuhesabika, na mvuvi kibarua hulipwa kwa mgawo wa kinachopatikana. Kubaki nchi kavu kwa sababu ya angalizo la njano kunamaanisha nyumba kulala bila fedha, huku mwenye chombo, ambaye mara nyingi haingii majini, akihesabu hasara ya mafuta na vifaa. Tahadhari isiyozingatia hesabu hiyo itasikika na kupuuzwa, hasa pale dhoruba iliyotangazwa isipotokea mara mbili au tatu.

Ni hapa ambapo vikundi vya ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi (BMU) vina nafasi ambayo hakuna ofisi ya mkoa inayoweza kuijaza. Vinawajua wamiliki, manahodha na vibarua kwa majina. Vinaweza kuhakikisha taarifa ya TMA inasomwa mwaloni kila alasiri kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, kuandika majina ya wanaoondoka, na kusimamia makubaliano kwamba tahadhari ya rangi ya chungwa au nyekundu inapotoka hakuna kibarua atakayepoteza nafasi yake kwa kukataa kwenda. Makubaliano ya namna hiyo hayahitaji bajeti kubwa. Yanahitaji wamiliki wa vyombo kukubali kwamba hasara ya usiku mmoja ni ndogo kuliko ya chombo na watu wake.

Halmashauri nazo zina kazi. Redio za jamii hufika mahali ambapo intaneti haifiki, na matangazo ya misikitini na makanisani husikilizwa na watu wasiofungua simu. Butiama nayo isiachwe nje ya mpango huu: shule zake, mapaa yake na mifugo yake hupata pigo la kwanza la alasiri, na ofisi zake za kata zinaweza kuwa jicho la mapema kwa wilaya za ziwani.

Wananchi wanashauriwa kufuatilia taarifa za TMA kila siku kabla ya safari, kuvaa majaketi okozi muda wote wawapo majini badala ya kuyakalia, kutopanda chombo kilichozidisha abiria au mizigo, kumwachia mtu wa nchi kavu taarifa ya safari na muda wa kurejea, na kuepuka kujikinga chini ya miti wakati wa radi. Inapotokea ajali, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapatikana kwa namba 114.

Dhoruba za Ziwa Victoria zitaendelea kuwepo, na huenda zikaongezeka ukali. Kinachoweza kubadilishwa ni mazungumzo ya saa kumi alasiri, mwaloni, kati ya mwenye chombo, nahodha na kibarua: kama taarifa ya siku hiyo imesomwa, na kama kila mmoja wao ana uhuru wa kusema kwamba leo hatuendi.