Boti ya Kwanza: Usianze na Chumba

Ndugu msomaji, jirani yangu mmoja hapa Dar es Salaam alistaafu mwaka jana baada ya kufanya kazi karakana kwa zaidi ya miaka thelathini. Alipopata kiinua mgongo chake, watu walitaraji kwamba angejenga vyumba vya kupangisha, au angenunua daladala kama wafanyavyo wengi. Yeye hakufanya hata moja. Jioni moja alibisha hodi kwangu akiwa na picha mkononi: picha ya boti nyeupe, ya futi 24, yenye madirisha ya kioo na mlango mdogo wa kuingilia chumbani.

"Mwanangu," akaniambia, "humu ndani mna vitanda vinne, jiko na choo. Jumapili nitawachukua wajukuu mpaka Mbudya, tupike humo humo, na tukipenda tulale humo humo. Bahari hii nimeitazama tangu nilipoingia mjini. Sasa nataka kuipanda."

Sikumcheka, na wewe usimcheke. Mtu aliyevuja jasho muda wote huo ana haki ya kupumzika apendavyo, na bahari si mali ya watalii peke yao. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya, vilivyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, viko kilometa chache tu kutoka pwani yetu, lakini wako wakazi wengi wa mji huu ambao hawajavikanyaga. Hata hivyo, kiinua mgongo hutolewa mara moja tu, na maji hayamwonei mtu haya. Kwa hiyo nilimwomba asitoe hata senti kabla hatujamtafuta mtu ajuaye.

Tulimpata nahodha mmoja mzee wa Msasani, akakubali kufuatana nasi. Boti ilikuwa imepandishwa nchi kavu, imeegemezwa juu ya magogo. Jirani yangu alipanda mara moja, akaingia chumbani, akawa anafungua makabati na kujaribu magodoro. Nahodha hakupanda. Aliizunguka boti mara mbili, kimya, kisha akauliza: "Bwana, chombo hiki mwataka kwenda nacho wapi?"

Hilo, ndugu msomaji, ndilo swali la kwanza, nalo aghalabu huulizwa mwisho. Chumba katika boti kina faida yake. Humkinga mtu na jua na mvua, huhifadhi vitu, na kwa wenye kusafiri siku mbili tatu ni nyumba. Huko Ulaya, kwenye mito na mifereji iliyotulia, ambako baridi ni kali, familia nyingi hukaa humo majuma mazima ya likizo. Lakini chumba hicho hicho kina gharama yake. Huongeza kimo, na kimo hukamata upepo kama tanga usiloweza kulikunja. Huongeza uzito, na uzito hula mafuta. Boti ya wazi ya futi 18 vijana sita huisukuma mchangani. Hii ya chumba aghalabu hupita tani mbili, wala haisukumwi na mtu. Yaihitaji kukaa majini daima, mahali penye kina hata maji yakipwa. Na hapa kwetu, siku za bamvu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita meta 3. Anayeifunga boti yake asubuhi penye maji tele, bila ya kuuliza, jioni ataikuta imelala ubavu juu ya mawe.

Nahodha alianza kazi yake. Kwa mpini wa nyundo aligonga mwili wa boti taratibu, tangu omo hadi shetri, akisikiliza. Boti hiyo ni ya faiba, na faiba nzima hulia kwa sauti kavu. Palipolowa au palipoachana tabaka, sauti huwa bubu. Karibu na mkuku tulisikia sauti bubu mahali pawili. Chini yake palikuwa na malengelenge madogo, dalili kwamba maji yameingia ndani ya rangi. Baadaye alipanda, akakanyaga sitaha kwa kisigino. Mahali paliponesa chini ya mguu alipatia alama kwa chaki.

Kisha alifunua ngama. Harufu ya petroli ilitupokea. Hapo alimgeukia jirani yangu, akamwambia kwa upole lakini bila ya mzaha, "Bwana, hii si harufu, hii ni ajali inayosubiri kiberiti." Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka ukajikusanya chini, na gesi ya kupikia ni vivyo hivyo. Katika boti ya wazi upepo huupeperusha kwa urahisi zaidi. Katika boti ya chumba yenye injini ndani hutuama pale pale. Wala si moto peke yake. Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo ikiingia chumbani mtu aliyelala huweza asiamke tena. Kwa hiyo, mwenye kupenda boti ya chumba yafaa atafute yenye injini ya dizeli, au yenye injini ya kupachika nje shetri, na madirisha yafunguke kweli, yasiwe ya urembo.

Karibu na usukani palikuwa na kibati kidogo ambacho sote tulikuwa tumekipita. Nilikisoma kwa sauti. Boti za starehe zilizoingizwa katika soko la Ulaya tangu katikati ya mwaka 1998 hutakiwa kuwa na kibati cha namna hiyo, nacho hutaja idadi ya watu, uzito, na herufi moja kati ya nne: A, B, C au D. A ni ya bahari kuu. C ni ya kando ya pwani, penye mawimbi yasiyozidi meta 2. D ni ya maji yaliyokingwa, kama maziwa madogo na mifereji, ambako wimbi halizidi nusu meta hivi. Kibati chetu kilisema D, na watu 5.

"Wajukuu ni wangapi?" akauliza nahodha.

"Saba," akajibu jirani yangu, kwa sauti ya chini.

Hakuna aliyeongeza neno. Sote tulikumbuka kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara mwezi wa Septemba 2018. Kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Watu zaidi ya 220 walipoteza maisha. Idadi iliyoandikwa kwenye chombo haikuwekwa ili kumnyima mtu raha. Ni mpaka kati ya safari na msiba. Na vitanda vinne si ruhusa ya kupakia watoto saba.

Tuliporudi nyumbani, mke wa mzee alitukaribisha chai, akasikiliza habari yote. Kisha akauliza swali lake, nalo likatushinda sote: "Katika nyumba hii, ni nani ajuaye kuogelea?"

Kwa faida ya msomaji mwenye ndoto kama ya jirani yangu, nimekusanya hapa maneno ya nahodha. Kwanza, panda boti za watu wengine kabla ya kununua yako, na upande katika miezi ya kusi pia, si siku za bahari shwari peke yake. Pili, usinunue chombo kabla fundi asiyemjua muuzaji hajakikagua, na kabla hamjakijaribu majini. Tatu, gawa mafuta mafungu matatu: moja la kwendea, moja la kurudia, na moja la akiba lisiloguswa. Nne, usitumie fedha zote katika kununua. Wazoefu husema kwamba matunzo hula yapata sehemu ya kumi ya bei kila mwaka: rangi ya chini, vipande vya zinki vinavyolinda vyuma visiliwe na chumvi, mahali pa kufunga, na injini. Tano, jaketi la kuokolea maisha la kila mtu, kwa kimo chake, hununuliwa pamoja na boti, na huvaliwa, halikaliwi. Mtungi wa kuzimia moto, nanga yenye kamba ndefu, dira na makasia navyo si mapambo. Sita, nenda TASAC ukaulize masharti ya usajili na ukaguzi. Na kama unafikiri kupakia abiria wa kulipa, jua kwamba hiyo ni biashara yenye sheria zake.

Jirani yangu hakuinunua boti ile. Siku mbili tatu alikuwa na huzuni, nami nilimwonea huruma, maana si rahisi mtu wa umri wake kuweka chini picha aliyoibeba mfukoni kwa miezi. Lakini sasa kila Jumamosi humwona akishuka pwani na wajukuu wake saba, maji yakiwa yamejaa, kijana wa yule nahodha akiwafundisha kuogelea. Mzee mwenyewe yumo miongoni mwa wanafunzi, naye ndiye wa mwisho darasani.

Anasema kusi likipita ataanza kutafuta tena: boti ya wazi, ya futi 20, yenye turubai la kivuli na injini moja ya kupachika shetri. Ipo siku, asema, atanunua yenye chumba. Mke wake hasemi kitu. Anahesabu ni wajukuu wangapi wamekwisha jua kuelea.