Zambia wanachagua meya, sisi tunaletewa burugumestre

Wandugu wafanyakazi, mama na baba wa familia za mine,

Kongo yetu inapakana na nchi tisa. Ku kazi, ao kwenye foleni ya Kasumbalesa, wenzetu wanabishana: wapi njo kuko demokrasia ya kweli? Wengine wanahesabu vyama, wengine wanahesabu redio. Sisi wa sendika tuko na kipimo kimoja: mwenye kutawala anaweza kushindwa na kura, akatoka, akaenda kulala kwake?

Tupime. Uganda, Museveni yuko ku kiti tangu 1986. Kikomo cha mandati kiliondolewa 2005, cha umri 2017. Rwanda, mwaka 2024 walitangaza Kagame na zaidi ya 99 kwa mia. Angola, MPLA inatawala tangu uhuru wa 1975. Tanzania, ni nyumba ile ile tangu 1961: kwanza TANU, kisha CCM. Kote huko watu wanapiga kura, lakini mkubwa hatoki kwa kushindwa na kura.

Zambia wakubwa wanatoka. Mwaka 1991 Kaunda, miaka 27 ku kiti, alishindwa na Frederick Chiluba, kiongozi wa sendika. Mwaka 2011 Banda alishindwa na Sata. Mwaka 2021 Lungu alishindwa na Hichilema, yule aliyekuwa gerezani miezi minne mwaka 2017. Na tusisahau 2001: Chiluba alipotafuta mandati ya tatu, makanisa, wanasheria, sendika, hata mawaziri wake wengine walikataa. Akaacha. Alikuwa mutu wetu wa sendika, lakini na yeye alihitaji kuchungwa.

Na kwetu? Januari 2019 raisi mmoja alitoka na mwingine akaingia bila vita. Ilikuwa mara ya kwanza tangu uhuru. Lakini maaskofu wa CENCO walisema matokeo hayakulingana na yale waangalizi wao walikusanya. Ile mashaka ingali ndani ya watu.

Wandugu, shida yetu kubwa iko karibu zaidi ya Kinshasa. Kodi ya Madini ya 2018 inasema: redevansi ya madini inagawanywa, 50 kwa mia serikali kuu, 25 jimbo, 10 mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 kwa mia inaenda moja kwa moja ku komini, sekta ao sheferi mahali mine iko. Hii 15 njo maji, njo shule, njo dispansari ya watoto wetu. Inatoka ndani ya jiwe tunalochimba.

Nani anaichunga? Katiba ya 2006 ilituahidi viongozi wa komini wa kuchaguliwa. Mwaka 2023 tulichagua washauri wa komini katika miji mikubwa ya majimbo tu, kwingine hapana. Burugumestre angali anatoka ku ordonansi. Ukimuuliza habari ya feza, anaangalia yule aliyemweka, haangalii wewe.

Ng'ambo ya mupaka, Kitwe na Chingola, mchimbaji anachagua meya wake mwenyewe tangu 2016. Hatusemi Zambia ni paradiso. Wenzetu kule wanafukuzwa kazi pia, na meya wa kura anaweza kula feza. Lakini miaka tano ikiisha anarudi mbele yao kuomba kura. Wetu hana siku ya kurudi.

Kwa hiyo tunadai mambo mawili. Kwanza: uchaguzi wa komini, sekta na burugumestre ufanyike pote kabla ya kura ya 2028. Pili: kila miezi mitatu, ku mlango wa komini kubandikwe karatasi inayoonyesha redevansi iliyoingia na kazi iliyofanya.

Na sisi wenyewe tuanze nyumbani. Delege wa sendika asiyeitisha mkutano, asiyeonyesha hesabu ya michango, tumwondoe na kura. Hatuwezi kumdai burugumestre kitu ambacho delege wetu hafanyi.