Kipaji anacho, usingizi hana

Najua kibaraza hiki kimekaa muda bila kufagiliwa. Mnisamehe, boksi lilinibana. Leo nimekaa chini kwa sababu ya ujumbe wa sauti wa dakika saba alionitumia dada, na nyuma yake nikawasikia shemeji na baba mdogo wakichangia utadhani kikao cha posa. Habari yenyewe ni hii: binti wa dada anacheza mpira wa magongo shuleni, mwalimu wa michezo amesema ana kipaji, kwa hiyo mjomba mtu (ndiye mimi) nimtafutie timu Uingereza. "Mwaka huu huu," shemeji akakazia. "Kipaji anacho, kilichobaki ni wewe."

Kwenye simu nilijibu kwa adabu. Hapa ni kwangu, nitajibu ninavyotaka, na anayetaka kununa anune.

Kwanza kwa wasioujua mchezo wenyewe. Gongo ninalosema si lile la kunywa. Ni fimbo iliyopinda mwishoni, na mpira ni wa plastiki ngumu, uzito wake gramu 160 hivi, na wapigaji wazuri wanaupeleka kwa kasi inayopita kilomita 100 kwa saa. Ukikupata mdomoni, meno unaokota. Timu ina watu kumi na mmoja, mechi ni robo nne za dakika kumi na tano, na mchezaji anatoka na kuingia mara nyingi tu kwa sababu mbio zile hakuna mwanadamu anayezimudu mfululizo. Na muda wote umeinama. Jaribuni kufagia uwanja wa mpira kwa ufagio mfupi huku mnakimbia, ndipo mtajua mgongo unavyosema.

Sasa hili neno "kipaji". Nimelichoka jamani! Tangu nikiwa mdogo nasikia Tanzania tuna vipaji. Mwaka 1980 tulivipeleka Moscow. Mataifa mengi yalisusia Olimpiki ile, nafasi zikabaki, na timu yetu ya wanaume ya magongo ikaingia. India ikatufunga 18-0. Kumi na nane! Tukamaliza wa sita kati ya timu sita. Siwacheki wale vijana, walivaa jezi ya taifa na wakacheza mpaka mwisho. Lakini kumbukeni kwamba Olimpiki hiyo hiyo Filbert Bayi alichukua medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui fedha ya mita 5,000. Nchi moja, ugali mmoja. Mbona hawa walipata na wale wakapigwa kumi na nane? Bayi alikuwa na miaka ya mazoezi mazito nyuma yake, Nyambui alikuwa amepita chuo kikuu Marekani akikimbia chini ya makocha. Wenzao waliingia kwa sababu viti vilikuwa wazi. Na mpaka leo medali hizo mbili ndizo pekee tulizonazo za Olimpiki, nasi bado tunaimba vipaji.

Ninapoishi si mbali na mahali panapoitwa Bisham Abbey, kando ya mto Thames. Tangu 2009 timu ya taifa ya wanawake ya magongo imekuwa ikifanya mazoezi pale kama kazi ya kudumu. Zamani walikuwa wakikutana kwa kambi kisha kila mtu anarudi kwake, kama sisi na kambi zetu za wiki mbili. Baada ya hapo ikawa kila wiki, mwaka mzima, na mwisho wa wiki mtu anakwenda kuchezea klabu yake. Wachezaji thelathini hivi wanagombea nafasi kumi na sita za Olimpiki. Maana yake unaweza kuitoa miaka minne ya maisha yako, ukala wanavyokuambia, ukalala wanavyokuambia, na siku ya majina ukaambiwa asante, nenda nyumbani.

Niwaulize swali moja ambalo baba mdogo hakunijibu. Mwaka 2012 walipata shaba hapa London. Mwaka 2014, kwenye Kombe la Dunia kule The Hague, England wakawa wa kumi na moja kati ya timu kumi na mbili. Aibu tupu. Mwaka 2016, Rio, timu ya Uingereza, wengi wao wasichana wale wale, wakashinda mechi zote nane na kuchukua dhahabu. Sasa kipaji kilikwenda wapi 2014, na kilirudi kwa ndege gani 2016? Watu walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni wanavyoishi na wanavyojiandaa.

Na wanaishije? Siku moja ina gym ya vyuma asubuhi, kisha uwanjani, kisha kula, kisha kukaa mbele ya video kutazama makosa yako mbele ya wenzako wote (hapo ndipo kiburi kinapokufa), kisha uwanjani tena. Wanavaa vikoti vyenye kifaa kinachopima umekimbia kiasi gani na kwa kasi gani, na moyo nao unapimwa, kwa hiyo huwezi kumdanganya kocha kwamba umechoka au hujachoka. Danny Kerry, kocha aliyewapa dhahabu, alikuwa na siku yake aliyoiita Alhamisi ya Kufikiri. Anawakimbiza mpaka miguu inakataa, halafu katika hali hiyo anawapa fumbo la mchezo: mmebaki kumi, mnaongoza kwa bao moja, dakika tatu zimebaki, fanyeni nini? Maana mtu aliyepumzika kila mmoja ana akili. Kazi ni kuwa na akili ukiwa umekwisha.

Matunda yake yalionekana fainali ya tarehe 19 Agosti 2016. Uholanzi na Uingereza 3-3. Na Uholanzi mnaowaona si watu wa mchezo: nchi ya watu milioni kumi na nane hivi, wachezaji waliojiandikisha wa magongo wanapita laki mbili. Mwaka 2024 Paris wakabeba dhahabu zote mbili, ya wanaume na ya wanawake. Basi siku ile ya Rio ikaja mikwaju, ambayo kwenye magongo mchezaji anaanza mbali na goli akiwa na mpira na ana sekunde nane tu za kumpita golikipa. Golikipa Maddie Hinch alizuia minne yote. Minne! Yule dada alikuwa na daftari. Alikuwa ameandika humo tabia za wapigaji, huyu anapenda kugeukia wapi, yule anafanya nini akibanwa. Helen Richardson-Walsh akafunga penalti, Hollie Webb akafunga wa mwisho, kwisha. BBC wakachelewesha taarifa ya habari ya saa nne usiku ili watu wamalize kutazama.

Huyo Helen alikuwa ameshapasuliwa mgongo mara mbili kabla ya Rio. Na nahodha, Kate, mwaka 2012 alivunjwa taya na gongo kwenye mechi ya kwanza kabisa, akatiwa chuma, akarudi kucheza mashindano yale yale. Dada, unataka mwanao aje huku. Haya mambo uyajue.

Najua kuna mmoja atasema: lakini mmoja wa waliofunga fainali ile amekulia Kenya! Kweli, Crista Cullen, alifunga bao la pili. Amekulia Kenya, na baada ya 2012 aliacha magongo akarudi huko kwenye kazi za kulinda wanyamapori. Hata taasisi yake aliipa jina la Kiswahili, Tofauti. Lakini walipomtaka tena kwa ajili ya Rio, hakutoka porini akaingia fainali. Alirudi kwanza kwenye vyuma, mbio na video kama mgeni yeyote.

Shemeji ameleta hoja ya viwanja, na hapo nampa haki yake. Kenya ya zamani ilikuwa kitu kikubwa. Avtar Singh Sohal alicheza Olimpiki nne, 1960 hadi 1972, Kenya ikawa ya sita Tokyo 1964 na ya nne kwenye Kombe la Dunia la 1971. Hiyo ni enzi ya nyasi za kawaida. Kuanzia Montreal 1976 Olimpiki ikahamia kwenye nyasi bandia, ambazo ni ghali kuzitandika, na juu ya hapo zinamwagiwa maji kabla ya mechi ili mpira uteleze. Nchi ambayo watu wanapanga ndoo tangu alfajiri itamwagia maji zulia? Hapo shemeji yuko sawa, na hilo deni si la binti yule wala la kwake yeye.

Ila kulala hakuhitaji nyasi bandia.

Hapa ndipo ninapotaka kugombana nanyi, maana nilipokuja likizo niliona kwa macho yangu. Mtoto anaamka saa kumi na nusu alfajiri. Anachota maji, anafagia, anaosha vyombo vya jana, anakimbilia daladala. Shule, kisha mazoezi ya magongo kama kuna nafasi, kisha daladala tena, kisha jikoni. Wageni wamekuja (mgeni mwenyewe ni mimi!), asukume chapati. Saa tano usiku yuko na madaftari chini ya taa. Mtoto wa umri ule anatakiwa alale saa nane mpaka kumi, na mwili unajijenga ukiwa umelala. Huyu analala tano. Halafu mnaniambia kipaji.

Na kula je? Kaka yake anacheza mpira wa miguu wa mtaani, si vibaya, anajitahidi. Asubuhi anawekewa yai na maziwa, "huyu anacheza mpira." Na yule? Anakula mwisho, akishawapakulia wote, na samaki kwake ni mkia. Msichana anayekimbia kila siku na kila mwezi anapoteza damu anahitaji maini, dagaa, maharage, mchicha, kuliko hata huyo kaka. Nilipouliza nikajibiwa, "Msichana asiyejua jiko ataolewa na nani?" Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa mgeni na mama alikuwepo. Sasa sinyamazi. Mnataka mimi nimfanyie Ulaya kile ambacho ninyi hamjamfanyia hapo sebuleni.

Na hilo la timu, lisahauni kwa sasa. Huku mchezaji kutoka nje haji kwa barua ya mjomba. Viza ya mwanamichezo inataka chama cha mchezo wenyewe kimwidhinishe kwamba ni wa kiwango cha juu, na kwa hilo wanaangalia umecheza wapi, si mwalimu amesema nini. Na pesa mnayoifikiria si ya akina Ronaldo. Wakati wa Rio, posho kubwa kabisa ya mchezaji wa magongo, inayotokana na bahati nasibu ya taifa, haikufika pauni 30,000 kwa mwaka. Unapanga chumba, unakula, inakwisha. Ukiumia, posho nayo inaanza kukuaga. Alex Danson, mfungaji hodari wa timu ile ya dhahabu, mwaka 2018 akiwa mapumzikoni huko huko Kenya alicheka, akarusha kichwa nyuma, kikagonga ukuta. Ubongo ukaumia, na 2020 akastaafu. Kicheko tu!

Kwa hiyo shemeji, sijakataa. Yule mtoto nimemwona akicheza, mkono wake ni mwepesi na anatazama mbele kabla mpira haujamfika, jambo ambalo wengi hufundishwa miaka. Ndiyo maana nimekasirika. Mimi nitatuma nauli ya mazoezi na ya kulipa mtu wa kusaidia kuchota maji na vyombo, kila mwezi, na risiti siulizi. Ninyi mnipe saa tisa za usingizi na yai moja. Mwaka mmoja tu, halafu tuzungumze habari za timu, tukianzia na mashindano ya hapo hapo Afrika Mashariki.

Mzigo wake unakuja na mtu anayesafiri mwezi ujao: kinga za miguu, kinga ya meno na gongo la inchi 36. Ni lake peke yake. Baba mdogo, tafadhali, lisije likageuzwa la kuulia nyoka.