Wapiga gitaa wajifunze nota

Ndugu Mhariri,

Nataka kutoa yaliyo moyoni mwangu kuhusu vijana wetu wanaopiga gitaa.

Mimi ni mpiga rithimu katika bendi ndogo ya hapa Kilosa. Nilijifunza kama wengi wetu tulivyojifunza, yaani kwa kutazama vidole vya mwenzangu. Nilijua kidole hiki kikae hapa na kile kikae pale, na wimbo ukatoka. Lakini ungeniuliza jina la sauti niliyokuwa naibana, nisingekuwa na jibu.

Aibu ilinikuta Mikumi. Tulialikwa kupiga katika harusi, na mwimbaji wetu akawa na mafua. Akaomba tumshushie wimbo hatua moja tu. Mimi na mpiga solo tukabaki kutazamana. Penseli tuliyozoea kuifunga kwa mpira kwenye shingo ya gitaa hupandisha sauti, haishushi. Ni mzee wetu wa besi peke yake aliyeshuka bila wasiwasi. Wimbo ule ulimalizwa na yeye, mwimbaji na mpiga ngoma, sisi wawili tumesimama na magitaa yetu kama waliokuja kupigwa picha. Wakati wa kurudi, tukipita njia ya Ulaya, mzee aliniambia: "Mwanangu, nyumba unazijua, ila mtaa huujui."

Tangu siku ile alianza kunifundisha. Majina ya nota ni saba tu, kuanzia A hadi G. Nyuzi zikiwa hazijabanwa, kutoka ule mnene kwenda mwembamba, ni E, A, D, G, B na E. Kila kichuma kwenye shingo hupandisha sauti nusu hatua. Kutoka nota moja hadi inayofuata unapanda vichuma viwili, isipokuwa kutoka B kwenda C, na kutoka E kwenda F, ambako ni kimoja tu. Ukifika kichuma cha 12, umerudi kwenye jina lile lile ulilolianzia, ila sauti iko juu zaidi. Mzee aliniamuru nishike uzi mmoja kwa wiki nzima, nikitaja kila jina kwa mdomo. Kwa kuwa uzi wa kwanza na wa sita vina majina yale yale, wiki tano zilinitosha.

Ndugu Mhariri, najua watatokea watakaosema kwamba sikio linatosha, na kwamba magwiji wa zamani hawakuhitaji mambo haya. Mimi silidharau sikio. Lakini tukumbuke kwamba marehemu Mbaraka Mwinshehe, aliyetoka Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuanzisha Super Volcano, alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa Januari 1979. Hadi leo kijana anayetaka kujifunza solo zake atazipata, kwa sababu zilirekodiwa. Je, wale ambao hawakurekodiwa?

Mzee wetu wa besi hakurekodiwa popote. Alifariki mwaka jana. Siku ya arobaini yake tulitaka kupiga wimbo mmoja aliotunga, tukashindwa hata kuuanza, maana watu watatu tuliukumbuka kwa namna tatu. Katika daftari langu nilikuwa nimeandika nyimbo zake mbili tu, kwa majina yale yale aliyonifundisha. Hizo mbili zipo, na tunazipiga. Nyingine amekwenda nazo. Kosa ni langu, kwani nilidhani muda bado upo.

Kwa hiyo nawaomba vijana wenzangu wasione haya kuanza upya, hata kama tayari wanashangiliwa jukwaani. Viongozi wa bendi nao watenge nusu saa ya mazoezi kwa kazi hii. Walimu wa kwaya wanaojua nota wasiwafukuze wapiga dansi wanaokuja kuuliza. Maofisa utamaduni wa wilaya wawatafute wazee waliopiga zamani katika miji kama Kilosa, Kimamba na Mikumi, wawakalishe pamoja na vijana wenye daftari mkononi. Jambo hili halihitaji fedha nyingi wala kamati. Linahitaji kalamu, na mzee aliye hai.

Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mimi nilichelewa. Wenzangu msichelewe.

Mpiga Rithimu,
Kilosa, Morogoro.