Mjue Mwizi Kabla ya Kununua Chombo cha Kulishia Ndege

Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, kuwatupia ndege konzi ya mtama au chenga za mchele asubuhi ni jambo la kawaida, tena ni jambo la kheri. Dini yetu imetufunza kwamba ndege akila katika mti alioupanda Mwislamu, aliyeupanda huandikiwa sadaka. Lakini siku hizi nimeona kitu kipya katika nyumba kadhaa. Jamaa zetu wakaao Uingereza, wajapo likizo, hutuletea vyombo vya kulishia ndege, vya kutundika mtini, vilivyoandikwa ubavuni ati kindi hawezi kuviibia. Vyombo vyenyewe ni vizuri, vyang'aa, na bei yake si haba. Nami nauliza: je, huku kwetu mwizi ni kindi?

Hilo ndilo neno langu leo. Chombo cha kulishia ndege hakichaguliwi kwa uzuri wala kwa bei. Huchaguliwa kwa kumjua mwizi: uzito wake, umbo lake na njia anayoijia.

Tuanze huko vyombo vilikotoka. Kindi anayewasumbua Waingereza ni yule wa kijivu, naye si mwenyeji wa huko. Alichukuliwa Marekani awe pambo katika mashamba ya matajiri, na mwaka 1876 baadhi yao walifunguliwa Henbury Park, katika jimbo la Cheshire. Leo ameenea sehemu kubwa ya nchi hiyo, na kindi mwekundu, aliye mwenyeji, ametoweka mahali pengi. Huyu wa kijivu ana uzito wa nusu kilo hivi. Hupanda ukuta na kamba, huruka zaidi ya mita 2 kutoka tawi hadi tawi, na plastiki kwake ni kitu cha kutafuna tu.

Wenyewe wamembunia hila nne. Ya kwanza ni mlingoti wa chuma wenye kofia ya bati katikati, uliosimamishwa kiasi cha mita 3 kutoka mti au ukuta ulio karibu. Watu wa Kilindini wataielewa mara moja, kwani ni hila ileile ya sahani za bati zinazovishwa kamba za meli ili panya wasipande. Ya pili ni kizimba cha waya kinachozunguka chakula, chenye matundu ya sentimita 4 hivi; ndege mdogo hupita, kindi hubaki nje. Ya tatu ni springi: mnyama mzito akikalia kijiti, mlango wa chakula hujifunga. Ya nne ni pilipili iliyochanganywa na nafaka. Ndege hausikii ukali wake, lakini kindi huwashwa akaenda zake.

Sasa turudi kwetu. Kindi tunao, hasa penye misitu kama Arabuko-Sokoke. Lakini mijini, Mombasa hadi Malindi, anayevamia chakula cha ndege wadogo ni kunguru wa Kihindi, yule mwenye shingo ya kijivu. Naye, kama kindi wa Uingereza, aliletwa na mkono wa mwanadamu. Alifikishwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale taka za mji, na kufikia mwisho wa miaka ya 1940 alikwisha kuonekana Mombasa. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, mwenyeji akaugua! Hula mayai na makinda ya ndege wetu, huwafukuza mnana na chozi, na kila mama afugaye kuku anajua anavyonyakua vifaranga. Madhara yake yamefika hadi serikalini: Juni 2024, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja kabla ya mwaka huo kwisha.

Basi tuzipime zile hila nne kwa mwizi huyu. Mlingoti na kofia yake haumzuii hata kidogo, kwa kuwa yeye hapandi, huja kwa mbawa. Utafaa kwa panya tu. Pilipili nayo ni kazi bure. Kunguru ni ndege, na ndege hawashwi. Utakuwa umemtilia kiungo katika chakula chake. Springi yataka uangalifu. Iliyotegwa kwa kindi wa nusu kilo huenda isijifunge kwa kunguru mwenye gramu 300 hivi. Ukiipenda sana, nunua ile inayoweza kulegezwa na kukazwa, nawe ukumbuke kuwa hewa yetu ya chumvi haina huruma na chuma chembamba.

Kinachobaki ni kizimba, na kwa maoni yangu hicho ndicho chetu. Tena hakihitaji kuagizwa Uingereza. Fundi wa kuchomelea vyuma wa mtaani atakutengenezea. Mwambie matundu yasizidi sentimita 4, na sahani ya chakula iwe katikati, shubiri nzima kutoka kila upande, maana mwili wa kunguru hautapita lakini mdomo na shingo yake vitapita. Kiwe na paa la kuzuia mvua, na sahani iweze kutolewa ioshwe, kwani nafaka iliyovunda huwaua haohao uliotaka kuwalisha. Tetere hataweza kuingia. Yeye mmwagie mtama kidogo chini ya kichaka chenye miba, kama mkomamanga, mahali kunguru anapoona taabu kutua.

Jambo jingine ni chakula chenyewe. Weka mtama na uwele mkavu, kiasi cha kumalizika asubuhi. Makombo ya pilau, mkate na matumbo ya samaki yakitupwa uani ni mwaliko kwa kunguru, na akishaalikwa hatazami kizimba chako tu, atatazama na viota vilivyo mtini.

Najua watakuwapo watakaosema kwamba kunguru naye ni kiumbe wa Mungu, na riziki yake isizuiwe. Kweli ni kiumbe. Lakini wasomaji wanajua kwamba katika hadithi mashuhuri ametajwa miongoni mwa viumbe watano wenye madhara, ambao hata aliyehirimia hakukatazwa kuwaua. Nami hapa sisemi habari ya kuua, nasema kumzuia tu. Riziki yake i tele katika kila jaa la mji. Shomoro hana jaa. Mwenye kutoa ana wajibu wa kuangalia kwamba alichokitoa kimemfikia mnyonge aliyemkusudia. Ukiweka sahani wazi, mwenye nguvu ndiye atakayeshiba, na mnyonge ataangalia kwa mbali.

Kwa hivyo, kabla hujafungua mkoba, kaa barazani asubuhi moja utazame ni nani anayekuja na ni nani anayekimbizwa. Huyo anayekimbizwa ndiye mgeni wako. Nunua, au tengeneza, kitakachomfaa yeye.